Jinja, Chukua Simu Yako

Pale Malukhu, Mbale, tulimwita Opareta. Jina lake la kitambulisho nililisikia mara moja tu, siku tuliyokwenda kusajili laini yake upya, maana hawa watu wa mtandao kila baada ya muda wanataka usajili upya, utadhani mtu ameota uso mwingine. Mhudumu akalisoma jina kwa sauti, mwenyewe hata hakugeuka. Ilibidi nimguse bega.

Alikuwa opareta wa simu enzi zile ambazo hukuweza kumpigia mtu wa Jinja wala wa Kisumu bila kwanza kumwomba binadamu mwenzako akuunganishe. Alikaa mbele ya ubao wa matundu na nyaya, visikizio masikioni, na maneno ya mji mzima yakapita kichwani mwake. Zilipokuja mashine za kuunganisha zenyewe wakampa mkono wa kwaheri, naye akajenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilikuwa mpangaji wake. Kwetu ni Walukuba, Jinja. Ndoa ndiyo iliyonileta Mbale, na nauza vitenge kwa simu. Kwa hiyo simu ndiyo duka langu, ndiyo bosi wangu, na siku nyingine ndiyo maradhi yangu. Nikichoka nayo nilitoka kibarazani, nikamkuta Opareta naye amechoka na yake, tukakaa tukalalamika pamoja. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya kawaida. Simu imejaa, inataka ufute picha za wajukuu ili ipate nafasi ya kupokea picha za watu usiowajua. Programu inakuuliza nenosiri, ukiliandika inasema silo, ukitaka kuweka jipya inasema hilo ulishalitumia. Unatumiwa tarakimu za kuthibitisha kwenye laini iliyokufa zamani. Hasira zangu mimi zilikuwa za kelele. Niliweza kuitupa simu kitandani na kuapa kwamba kesho narudi kutembeza vitenge kichwani, Namatala yote, kwa miguu. Hasira yake yeye ilikuwa ya chini chini. Kilichomuudhi kuliko vyote ni vitufe kuhamahama. Unalala, simu inajisasisha yenyewe, asubuhi unakuta kitufe cha kupigia kimehamia kwingine na mahali pake amekaa mgeni.

“Kwenye ubao wangu,” alikuwa akisema, “tundu la Jinja lilikuwa hapo hapo siku zote. Umeme ukikatika, mkono unalijua. Sasa hawa, nani aliwaambia sisi tumechoka na mahali pa vitu?”

Nikamtafutia kitufe chake.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu kwake ambalo watu wa mtaa walilizoea hata wakaacha kuliona. Nyumbani alinizungumzisha Kisoga, na mwuza mboga alimzungumzisha Kigisu, lakini simu ikilia tu, Kiswahili. Hata kama anayepiga ni dada yake asiyejua zaidi ya salamu. Alisema Kiswahili ni lugha ya kuamrishwa, alifundishwa na wanajeshi waliokuwa wakinguruma kwenye waya, nipe Kampala sasa hivi, nipe kambi, nipe nani. Halafu ukimsikia mwenyewe akiongea hicho Kiswahili kwenye simu, hujapata kusikia sauti tamu namna hiyo. Ile sauti hakuipata kwa wanajeshi. Aliipata kwa maopareta wenzake wa upande wa Kenya, wanawake ambao hakuwahi kuwaona hata siku moja, lakini walijuliana hali, wakaambiana uchungu wa uzazi, wakalia pamoja kwenye misiba, kila mmoja upande wake wa mpaka. Aliwakumbuka kwa majina ya vituo vyao. Kisumu alikuwa mcheshi, Bungoma alikuwa na pumu.

Tusidanganyane, alisikiliza. Watu wanaposifu maadili ya zamani hujifanya kwamba maopareta walikuwa hawasikii. Yeye alisikia na akafurahia kusikia, na hakunificha. Alivaa kitambaa kichwani wakati wote, na akitaka kusikiliza vizuri alikisogeza nyuma ya sikio la kushoto, upande wa kisikizio. Mazoea yale hayakumtoka. Ukimhadithia jambo kibarazani, ukiona kidole kimekwenda kwenye kitambaa, ujue umemkamata. Jambo likiisha, anakirudisha, anafunika sikio, na hapo ndipo mwisho wa habari yako. Hutaisikia kwa jirani wala kwa adui. Kwake kosa halikuwa kusikia, kosa lilikuwa kubeba.

Enzi za wanajeshi, afande mmoja alimwendea kazini akamwamuru asikilize simu za mfanyabiashara fulani wa nguo na kumpelekea maneno. Akajibu, ndiyo, Afande. Kisha kila afande alipokuja kuuliza, laini ilikuwa mbovu. Mvua, Afande. Nguzo imeanguka njia ya Tororo, Afande. Alinihadithia haya akichambua mchele, macho chini, na nilipomuuliza kama hakuogopa alisema aliogopa kila siku ya kazi. Nikamuuliza basi yule mfanyabiashara alikuwa anazungumza nini. Akanitazama vibaya, akaendelea na mchele wake.

Kwa hiyo redio ilipokuja na habari kwamba simu zetu zinatusikiliza, mimi nilishtuka, yeye wala. Siku moja tulizungumza kibarazani kuhusu godoro. Lake lilikuwa limebonyea, anataka jipya, hivyo tu. Jioni simu yangu ikaniletea magodoro. Kesho yake magodoro. Wiki nzima magodoro, ya kukunja, ya hewa, ya wagonjwa wa mgongo. Nikamwonyesha, nikitegemea atashika kichwa. Akasogeza miwani, akayatazama yote, akasema huyu ni opareta mbaya. Anasikia, halafu anaropoka. Kilichomchukiza ni utovu wa adabu, si upelelezi.

Kuna asubuhi redio ilieleza habari za akili mnemba, mashine inayojibu kila swali na kuongea kama mtu. Mwanangu alikuwa nayo kwenye simu, nikamwekea Opareta ajaribu. Akaiuliza, kwa sauti yake ile ya kazi, hali ya barabara ya Mbale kwenda Soroti. Ikamjibu papo hapo, kirefu, kwa adabu zote. Akanirudishia simu. Alisema inajibu haraka mno, mtu anayekujibu kabla hujavuta pumzi hakukusikiliza. Baadaye kidogo akaongeza kwamba hata hivyo ina adabu kuliko watoto wangu. Sikukasirika, ni kweli.

Simu mpya zilipotaka kufunguliwa kwa uso alikataa katakata. Uso wake si ufunguo wa kabati. Picha yake hakuiweka popote. Pale penye duara la picha aliweka sufuria. Na mwanamke huyo huyo, niambieni, alikuwa akifika kwa wakala wa pesa na kutaja namba yake ya siri kwa sauti safi, tarakimu moja moja, kwa mtamko wa kazini, hata aliye ng'ambo ya barabara akaweza kuiandika. Nilimvuta nguo, nilimkanyaga mguu, wapi. Alisema namba ikitajwa lazima isikike, vinginevyo itaunganishwa vibaya. Tukaishia kwamba mimi ndiye ninayekwenda kwa wakala.

Sasa nifike kwa mkwewe, maana bila yeye Opareta hasimuliki.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo aliolewa Jinja na mwanamume wa kiwandani anayekaa Walukuba, si mbali na kwa mama yangu. Kwao, upande wa Busoga, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Ukivunja mwiko, wanasema mikono itakutetemeka maisha yako yote. Sheikh wa msikiti wetu alimweleza zaidi ya mara moja kwamba dini haina shida na jambo hilo, mkwe ni kama mwana. Alimjibu kwa heshima kwamba dhambi anaijua na aibu anaijua, na kwake hizo ni mbili.

Lakini simu haina uso. Binti alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akawaacha watoto kwa mumewe na dada wa mumewe, mkwe akaanza kupiga kila Ijumaa baada ya swala, kuleta habari za wajukuu. Mwanzo zilikuwa salamu. Kisha wakazoeana. Jina lake hakuweza kulitaja, basi akamwita kwa kituo, namna alivyowaita wenzake wa zamani.

“Jinja, unanisikia?”

“Jinja hapa, Mama. Nakusikia vizuri.”

Na hapo kidole kinakwenda kwenye kitambaa. Waliongea juu ya watoto, bei ya sukari, kiwanda, vitufe vilivyohama. Mkwe naye alikuwa mlalamikaji hodari wa mambo ya simu, na nadhani ndiyo maana walipatana. Mimi nimekaa na Opareta miaka, lakini kicheko cha kutoka tumboni nilikisikia Ijumaa tu. Sikukuu ya Idi mkwe alikuja na nyama na sukari, akakaa kwenye benchi karibu na bomba la nje, mgongo kaupa mlango. Opareta yumo chumbani, mlango umefungwa. Wakapigiana simu. Wamekaa hatua chache, ukuta katikati, wanakula salio, wanacheka, na sauti zao halisi nazisikia huku na huku mpaka nikachanganyikiwa nimsikilize yupi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Ukweli nilimwonea wivu kidogo, maana mkwe wangu mimi haniulizi hata nimelalaje.

Basi Ijumaa moja tuliswali, tukatoka, tukakaa kibarazani. Alikuwa amevua kitambaa, anajipaka mafuta kichwani. Mkwe alichelewa kupiga, akaamua apige yeye. Kumbe simu usiku ilikuwa imejisasisha. Mkono wake ukaenda pale pale ulipozoea, na mahali pa kitufe cha sauti alikuwa amekaa cha video.

Uso wa mwanamume ukajaa kioo. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nami nikaona. Ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijistari, na nyuma yake kitanda cha chuma na chupa ya dripu. Naye alimwona mama mkwe wake kichwa wazi, mafuta mkononi. Alisema “Mama” tu, akajaribu kugeuza kichwa, na picha ikazunguka, dari, chandarua, sakafu, tukasikia kitu kikipasuka. Opareta alikuwa ameshaibwaga simu kifudifudi kwenye mkeka.

Ijumaa iliyotangulia aliambiwa mkwe yuko zamu, mzima kabisa, na sauti ilikuwa ya mtu mzima kabisa. Yeye ambaye kwa sikio aliweza kukuambia nani ana mafua Bungoma, hakusikia kitu. Nadhani hilo nalo lilimuuma, ingawa hakulisema.

Nilipomwona anajifunga kitambaa pole pole nikamwambia ampigie binti yake.

“Nimwambie nini?”

“Kwamba mumewe yuko hospitali, Mama.”

“Nani ameniambia yuko hospitali?”

“Umeona.”

“Nimeona kwa laini iliyokosea,” akasema. “Ya laini iliyokosea si ya kubeba.”

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mtu anaweza kufa pale, na yeye analinda sheria za ubao uliokwisha kuuzwa vyuma chakavu. Nilimwambia mengi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mgeni kazi. Mkwe hakuficha kwa ujinga. Huko Uarabuni pasi ya kusafiria ya binti anayo mwajiri, na mkataba haujaisha. Akipata habari hizi kwa mtu wa pembeni, nusu nusu, atafanya mojawapo ya mawili, atavunjika moyo katika nyumba ya watu, au atatoroka, na wanaotoroka kule tumesikia wanakoishia. Mumewe ndiye ajuaye amwambie lini na kwa neno gani. Na yeye, mama mkwe, atamshauri vipi mtu ambaye hakupaswa hata kumwona? Aibu imekwisha kumkata ulimi.

“Na wewe, Mama Zamu,” akasema mwisho, “ulikuwa kwenye laini.”

Hapo akanifunga. Namba ya binti ninayo, hununua vitenge kwangu vya kumtumia mama yake. Nililiandika lile neno nikalifuta, nikaliandika nikalifuta, na ile programu ikaona nachelewa, ikaanza kunipendekezea vikaragosi vya kulia. Nikaizima simu.

Ijumaa zilizofuata hazikuwa na simu. Mkwe hakupiga, Opareta hakupiga. Alinifanya niifute programu kwenye simu yake, ile ya kijani ya kupiga kwa mtandao, akabaki na kupiga kwa kawaida tu, na hata hiyo hakuigusa. Alikaa kibarazani saa ile ile, kitambaa kimefunika masikio. Kisha nikaona kikombe cha chai kinagonga kisahani. Mara ya kwanza nilidhani ni baridi. Mara ya pili alimwaga. Akaitazama mikono yake, akanitazama mimi, na sote wawili tulijua anafikiri nini. Nilimwambia ni uzee, au sukari, akapime. Alikubali kwa kichwa na hakwenda. Yale yote yalinichosha. Nilichoka na yeye, nikachoka na mkwe asiyekuwa wangu, nikachoka na watu wanaokaa mahali fulani wenye viyoyozi wakihamisha vitufe bila kujua kuna nani upande wa pili.

Asubuhi moja nikakuta kufuli mlangoni. Ufunguo aliuacha chini ya mlango wangu, pamoja na ombi kupitia kwa mwuza mboga nimwagilie mche wake wa mlimao. Hakusema anakwenda wapi.

Mwezi ule ule nilikwenda Jinja kumtazama mama. Kutoka hapo nikapita kwa dada wa yule mkwe, na sikuwa hata nimekaa akaniambia, Opareta yuko hospitali, nje ya wodi ya wanaume, na tafadhali kama wewe ni mtu wake umwambie aingie ndani maana manesi wamechoka naye.

Nilimkuta kwenye varanda ndefu, amekaa kwenye mkeka chini ya dirisha, mgongo ukutani. Kitanda cha mkwe kilikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule. Jiko lake la makaa liko pembeni, uji umefunikwa. Simu sikioni, kitambaa nyuma ya sikio la kushoto.

“Jinja, umekunywa dawa ya saa saba?”

Na ndani, kupitia dirishani, sauti nyembamba ya mtu anayetafuta pumzi ikajibu kwamba Jinja amekunywa.

Aliponiona hakushangaa. Alinipisha kwenye mkeka, akanieleza yote kwa mkupuo. Kwamba alikaa Malukhu mpaka akaona sasa anajilinda yeye na aibu yake, hamlindi mtu. Kwamba alipofika aliomba mkeka, akakaa hapa, akapiga, akasema tu “Jinja, unanisikia?”, na mwanamume mzima akalia kama mtoto. Ni figo. Ijumaa zile za mwisho alikuwa anamwomba mgonjwa wa kitanda cha jirani amkalishe, anakunywa maji, ndipo anaongea, ili sauti isimame. Simu yake kubwa ilipasuka siku ile ile alipokuwa anaficha uso, sasa ana kitochi cha dada yake, kisimu cha vitufe. Wanampeleka Kampala kesho asubuhi. Daktari hakuwaahidi kitu.

“Mkewe?” nikauliza.

“Hajui.”

Alikuwa amemwambia mkwe, nimekuja kukupikia uji, lakini mkeo hatajua kwangu, atajua kwako. Mkwe akamwomba amwambie yeye, mama mtu. Akakataa. Akamwomba tena jana, na leo asubuhi akaacha kumwomba, akasema basi atasema mwenyewe, kama atapata njia na asipewe nafasi ya kurudi nyuma. Njia haikuwepo. Kitochi hakina mtandao, kupiga Uarabuni kwa salio la kawaida hawakumudu, na simu ya Opareta mimi mwenyewe nilishaifuta programu. Hapo varandani simu za mtandao zilikuwa tele, lakini hakutaka ya mtu mwingine. Mtu mwingine atabaki na namba, atabaki na maneno. Mimi nilikwisha kuwa kwenye laini.

“Bando unalo?”

Nilikuwa nalo. Nikamwambia nitaweka simu zote mbili sauti ya juu waongee. Akatupa macho varanda nzima, watu wamelala mkeka kwa mkeka, akatikisa kichwa. Nikasema basi nitasikiliza huku nimwambie huku, maneno nitayapitisha mimi.

“Hiyo ni kubeba,” akasema.

Akaitandika leso yake juu ya mkeka. Nikampigia binti. Alipokea upesi, akauliza Mama Zamu, kuna nini. Opareta akaichukua simu mkononi mwangu. Ikatoka ile sauti, tulivu, ya kazini, ambayo nilidhani imekwisha.

“Usikate. Una simu kutoka Jinja.”

Binti akasema, “Mama?” Opareta akaokota simu yake mwenyewe, iliyokuwa hewani na kitochi cha ndani wakati wote huo.

“Jinja, chukua simu yako.”

Akazilaza simu mbili kwenye leso, kichwa kwa miguu, sikio la hii kwenye mdomo wa ile. Mikono ilimtetemeka vibaya hata ikabidi nimshikie ncha za leso, lakini pa kuziweka alipajua mwenyewe. Tukazifunga pamoja, mara moja, mara ya pili, ili sauti isitoke nje. Kabla ya fundo la mwisho akainama.

“Ongeeni,” akasema.

Kisha akakishusha kitambaa, akafunika sikio la kushoto, akafunika na la kulia, akasimama kwa kunishika bega. Mimi bado nimeganda pale, masikio wazi, nisiseme uongo. Akanivuta mkono.

“Twende. Laini ikishika, opareta anatoka.”

Tukaenda mpaka mwisho wa varanda, penye bomba. Kutoka hapo mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kitanda cha mkwe kilionekana nusu. Opareta akasimama akikipa mgongo. Maji yalikuwa yanadondoka ndooni kidogo kidogo, na mwanamke mmoja alikuwa akisubiri ijae. Baada ya muda akaniambia, bila kugeuka:

“Nitazamie. Bado ana simu sikioni?”

Nikachungulia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, mkono mmoja umefunika macho. Simu ilikuwa sikioni.

“Bado.”

“Basi tungoje,” akasema, akaketi chini kwenye saruji, mikono yake ikitetemeka mapajani.